Kamera bubu ya Ousmane Sembène

Borom Sarret, filamu iliyomtambulisha Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Senegal, ilipigwa Dakar mwaka 1963 kwa kamera kuukuu ya milimita 35 iliyotoka Umoja wa Kisovieti. Kamera hiyo ilikuwa bubu: ilinasa picha, sauti haikunasa. Ukiitazama filamu ile ukajiuliza kwa nini mwenye mkokoteni anaongea moyoni kutwa nzima wakati midomo yake imefungwa, jibu utalipata kwenye mota ya kamera kabla ya kulitafuta penginepo.

Kupiga picha na sauti kwa pamoja enzi zile kulidai mambo mawili. Kamera ifungiwe ndani ya kasha zito la kuzima mngurumo, la sivyo kipaza sauti kitanasa mlio wa meno yanayovuta filamu. Halafu mota ishike fremu 24 kwa sekunde bila kuyumba. Ikikimbia fremu 24 na nusu tu, kila dakika moja inazaa fremu 30 za ziada, na zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida midomo inabaki nyuma ya maneno kwa sekunde moja na robo. Jicho linaanza kukereka tangu tofauti ya fremu mbili au tatu. Asiye na kasha wala mota ya kuaminika ana njia tatu: apachike sauti za waigizaji baadaye studio, apunguze mazungumzo, au ampe mhusika sababu ya kuongea peke yake.

Sembène alizitumia zote, ila ya tatu ndiyo iliyoibeba filamu. Mhusika wake ni maskini anayesafirisha watu na mizigo kwa mkokoteni wa farasi, wateja wengi hawamlipi, na mwenzake wa kutwa nzima ni farasi aitwaye Albourah. Mtu wa maisha hayo ataongea na nani kama si moyo wake? Upungufu wa kifaa umeingia ndani ya tabia ya mhusika hadi mtazamaji hauoni tena. Sauti inayosikika ni ya Sembène mwenyewe.

Tazama pale mteja mwenye suti anapomshawishi aingize mkokoteni Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Mpaka hapo tumekuwa tukisikia xalam, ala ya nyuzi ya Senegal; gurudumu likianza kukanyaga lami ya Plateau, muziki unageuka kuwa wa Kizungu wa okestra. Hakuna neno lililosemwa na tayari tumeshavuka mpaka. Polisi anamsimamisha. Mwenye mkokoteni anatafuta karatasi zake mfukoni, medali yake inaanguka, anainama kuiokota, buti la polisi linaikanyaga. Kamera iko chini kabisa, usawa wa mkono, inamtazama polisi kwenda juu kama mnara. Yule mteja mwenye suti ameshaondoka. Tukio zima lingeeleweka bila sauti hata moja, na kazi ya sauti ya moyoni hapo ni kutuambia kile tu ambacho picha haiwezi kukionyesha.

Kosa la wengi wanaoiga mbinu hii ni kuiacha sauti isimulie kinachoonekana. Picha inaonyesha mvua, sauti inasema mvua inanyesha. Dawa yake ni kuandika maneno baada ya picha kuunganishwa. Unganisha kwanza, tazama mara tatu bila sauti yoyote, uandike pembeni mahali ulipochoka na mahali ulipojiuliza swali. Maneno yawekwe kwenye swali tu. Kisha pima. Msomaji asiye na haraka hutamka karibu maneno mawili kwa sekunde. Kipande cha sekunde 20 kwa hiyo kinabeba maneno 40 kikijaa pomoni, na kikijaa pomoni kinakosa hewa. Andika 25, yaliyobaki waachie farasi na barabara.

Fedha nazo zilikuwa na sauti yake katika kupanga. Boksi la mita 300 la filamu ya milimita 35 hudumu kama dakika 11. Ukitaka filamu ya dakika 20 na ukajiruhusu kupiga kila kitu mara tatu, unahitaji dakika 60, yaani zaidi ya mita 1,600, maboksi sita. Na Dakar haikuwa na maabara ya kusafishia filamu za aina hiyo. Ulichopiga kinasafiri kwenda Ulaya, na mkwaruzo au ukungu wa mwanga unaugundua wakati waigizaji wameshatawanyika. Ndiyo maana filamu zake za mwanzo zina vipande vichache vilivyotulia, kamera haizunguki ovyo, kila kipande kina kazi moja. Kupanga namna hiyo kuna faida hata kwa mwenye kamera ya kidijitali isiyoishiwa nafasi, kwa sababu gharama siku hizi imehamia kwenye saa za kukaa mbele ya kompyuta ukichambua vipande 200 visivyotofautiana.

Sembène alikuwa na miaka 40 alipoitengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika kama 20. Umri huo una maana kubwa kwa kazi yake, kwa sababu aliyoyaweka kwenye filamu aliyafanya kwanza kwa mikono. Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, Casamance, kusini mwa Senegal, mtoto wa mvuvi. Uvuvi ulimshinda kwa kuugua baharini. Shule iliishia mapema baada ya ugomvi na mkuu wa shule. Akaenda Dakar akafanya uashi, ufundi na vibarua vingine. Mwaka 1944 akaingizwa jeshi la Ufaransa kama askari wa koloni. Baada ya vita akavuka kwenda Ufaransa, akafanya kazi kiwandani Citroën, Paris, halafu akawa kuli bandarini Marseille kwa miaka mingi, mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha CGT. Huko bandarini akavunjika uti wa mgongo akiwa anapakua mizigo. Miezi ya kitandani na maktaba ya chama cha wafanyakazi ndivyo vilivyomfanya mwandishi: riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956, na ile kubwa kuhusu mgomo wa reli ya Dakar–Niger wa 1947 hadi 1948, Les Bouts de bois de Dieu, ikatoka mwaka 1960.

Hapo angeweza kukaa Ufaransa akawa mwandishi mwenye heshima zake. Alirudi Afrika mwaka 1960, akazunguka nchi kadhaa, akaona jambo ambalo kila mwandishi wa lugha ya kigeni hulijua ila wachache hulikubali: watu aliowaandika hawawezi kumsoma. Makuli, wachuuzi, wanawake wa reli, wote wamo ndani ya kitabu, na kitabu kimefungwa kwa ufunguo wa Kifaransa na wa kujua kusoma. Kuanzia hapo aliiita sinema shule ya jioni. Mwaka 1962 akiwa karibu na miaka 40 akaenda Moscow kujifunza katika Studio za Gorky chini ya Mark Donskoy, akarudi Dakar na ile kamera bubu.

Vitabu hakuviacha. Xala ilikuwa riwaya kabla ya kuwa filamu, Mandabi na La Noire de... zilitoka kwenye maandishi yake mwenyewe. Aliyeandika kwanza kwa karatasi anajua mhusika anakula nini na anadaiwa na nani, na hilo linaokoa siku nyingi za kupiga picha.

La Noire de... ya mwaka 1966 inastahili kutazamwa taratibu, kwa uzuri wake na kwa kasoro yake. Chanzo ni habari fupi ya gazeti la Ufaransa kuhusu msichana Mwafrika aliyejiua nyumbani kwa waajiri wake. Sembène aliigeuza hadithi fupi, kisha filamu ya karibu saa moja. Diouana, aliyechezwa na Mbissine Thérèse Diop, anachukuliwa kutoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani atalea watoto, anajikuta anapika, anafua na kusugua bafu kwenye fleti yenye kuta nyeupe. Kazi ilifanywa na kampuni yake, Filmi Domirev, jina la Kiwolof, lugha kubwa ya Senegal, lenye maana ya mtoto wa nchi, ikishirikiana na Les Actualités Françaises ya Paris. Kulikuwa na sehemu ya rangi ya safari ya gari kando ya bahari ya kusini mwa Ufaransa, nayo ikaondolewa. Filamu ikabaki nyeusi na nyeupe tupu, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa iliyopata mezani kwa mhariri. Weupe wa ukuta na weusi wa mtu vikiachwa peke yake vinafanya kazi ambayo bahari ya bluu ingeivuruga.

Fuatilia kinyago. Ndicho somo la vitendo katika filamu hiyo, na kinaweza kuchorwa kwenye karatasi hatua kwa hatua. Mara ya kwanza kiko mikononi mwa mtoto wa nyumbani kwa akina Diouana, ni kitu cha kuchezea. Diouana anampelekea bibi mwajiri kama zawadi ya shukrani ya kupata kazi, na hapo kimekuwa adabu. Mwajiri anakitundika pamoja na vinyago vingine, kimekuwa pambo. Antibes kinatundikwa peke yake katikati ya ukuta mweupe, na kamera inamweka Diouana fremu moja nacho, kwa hiyo tunaanza kumsoma yeye kupitia kile. Siku anapochoka anakishusha, wanagombania na bibi, akisema ni chake; kimekuwa mali na haki. Baada ya kifo chake bwana anakirudisha Dakar pamoja na mshahara. Mama anakataa fedha. Yule mtoto anakivaa usoni na kumfuata bwana kwenye vichochoro, hatua kwa hatua, mpaka yule mtu mzima anatembea haraka akigeuka nyuma kwa woga na kuparamia gari lake. Mwisho mtoto anashusha kinyago taratibu na tunaona uso wake.

Kitu kimoja, hatua saba, maana saba, na hakuna mhusika anayekielezea hata mara moja. Anayetaka kuijaribu mbinu hii achague kitu kinachobebeka kwa mkono mmoja, kinachotambulika ukikiona kwa mbali, na ambacho wahusika wawili wana sababu tofauti ya kukitaka. Kitu kikubwa mno hakisafiri. Kisichogombaniwa hubaki kuwa pambo kwenye filamu kama kilivyokuwa pambo kwa yule bwana.

Sasa kasoro. Diouana hajui kusoma wala kuandika, na bado mawazo yake tunayasikia kwa Kifaransa fasaha, tena kwa sauti ya mwigizaji mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti. Uso ni wa mmoja, sauti ni ya mwingine, lugha ni ya waajiri. Filamu ilipata tuzo ya Jean Vigo Ufaransa na Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Carthage, Tunisia, mwaka huohuo wa 1966, lakini msichana wa Dakar wa hali ya Diouana angekaa ukumbini asielewe anachokiwaza Diouana. Ile shule ya jioni ilikuwa bado inafundisha kwa lugha ya wachache.

Katika maisha yote ya kazi yake hakuna kinachotuvutia kama alivyolisahihisha hilo. Miaka miwili baadaye, 1968, alitengeneza Mandabi kwa Kiwolof. Wafadhili wa Ufaransa walikuwa wamo, kwa hiyo filamu ilipigwa mara mbili, moja kwa Kifaransa na nyingine kwa Kiwolof, tukio kwa tukio. Fikiria kazi hiyo. Kila kipande cha mazungumzo kinapigwa kwa lugha moja, waigizaji wanavuta pumzi, kinapigwa kwa lugha nyingine. Filamu inakwenda maradufu, siku zinarefuka, na mwigizaji mahiri kwa Kiwolof anaweza kuwa gogo kwa Kifaransa. Anayelazimika kupiga lugha mbili aanze na ile ambayo waigizaji wanaiota usingizini. Mwili ukishajua tukio, lugha ya pili inafuata mikono na macho yaliyokwisha zoea. Ukianza na ngeni, ugumu wake unabaki mwilini na kuchafua zote mbili.

Hadithi yenyewe ni ya hawala ya posta. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Hesabu inatolewa mapema: 20,000 ni za kumtunzia mpwa, 3,000 ni za mama wa mpwa, 2,000 tu ndizo zake. Kabla hajaiona hata shilingi ya hizo, wake zake wameshakopa mchele dukani, majirani wameshasikia, wadai wanabisha hodi. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha tatu na stempu. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, ambayo Dieng haijui. Mpiga picha anachukua hela na picha hazitoki. Na hawala ikikaa posta siku 15 inarudi ilikotoka.

Kwa mwandishi wa skripti huo ni mtambo wa kuchunguza kwa bisibisi. Kila ofisi inahitaji karatasi ya ofisi nyingine, na hapo hadithi inasogea yenyewe bila adui wa kumtungia. Kila hatua inagharimu hela, kwa hiyo mhusika anazidi kufukarika kwa sababu ya fedha ambayo hajaipata. Kuna saa inayokimbia, zile siku 15. Na kwa kuwa tulishaambiwa mapema kwamba zake ni 2,000 tu, kila mkopo mpya unatubana kifua. Wanaoiga hadithi za urasimu hukosea kwa kuruka hesabu. Wanasema anahangaika bila kusema anahangaikia kiasi gani, na mtazamaji hana cha kupima. Mwishoni mjanja wa mjini anaichukua hawala kwa hati ya uwakilishi, anarudi akidai ameibiwa mfukoni.

Filamu inaanza kwa kinyozi chini ya mti, wembe ukipita kichwani na hadi puani mwa Dieng, karibu kabisa. Ukiitazama leo bado unasisimka. Mtu anayenyolewa hivyo hawezi kujisogeza. Shingo yake iko mikononi mwa mwingine, na hiyo ndiyo filamu nzima imeshasemwa kabla hatujajua jina lake. Mandabi ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka huohuo.

Kutoka hapo swali la lugha halikumwachia. Emitaï ya mwaka 1971 inahusu kijiji cha Wadiola wa Casamance ambacho utawala wa Kifaransa unakidai mchele wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kiwolof kisingefaa kule, kwa hiyo inazungumzwa Kidiola. Wanawake wameficha mchele, wanakalishwa juani, wanakaa kimya. Sembène anakiacha kimya kirefu kuliko mazoea, na anayekata mapema kwa kuogopa kuchosha watu atakuwa amewaondolea wanawake wale silaha yao pekee. Kuna kipande kimoja kidogo cha kuchekesha: picha ya Pétain, mtawala wa Ufaransa, inabanduliwa ukutani na ya de Gaulle, aliyempinga, inabandikwa, na askari Mwafrika haelewi inakuwaje jenerali wa nyota mbili achukue nafasi ya marshali wa nyota saba. Wanakijiji walidaiwa mchele na wote wawili.

Katika Xala, 1975, lugha imekuwa ugomvi wenyewe. El Hadji, mfanyabiashara mkubwa wa Dakar, anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi nguvu za kiume zinampotea. Anaongea Kifaransa, binti yake Rama anamjibu Kiwolof kila mara. Maji ya chupa ya Evian yanatumika kwa gari lake la Mercedes, na Rama akikaribishwa anayakataa. Mwisho El Hadji, akiwa anafukuzwa na wenzake wa chemba ya wafanyabiashara, anaomba ajitetee kwa Kiwolof, wanamkatalia. Ile lugha aliyomnyamazishia binti yake ndiyo anayoililia siku ya kuanguka. Kati ya filamu zote, hii ndiyo inayofaa kuanzia kwa mtu anayetaka kujifunza kuandika mazungumzo, kwa sababu unaweza kuchora mstari chini ya kila sentensi ya Kifaransa na kuona nani anamwogopa nani.

Wakaguzi wa serikali waliikata sehemu kadhaa. Sembène alichapa vikaratasi vinavyoeleza vipande vilivyokatwa na kuvigawa kwa watazamaji, nao wakaingia ukumbini wakijua hasa wasichokiona kiko wapi. Haikuwa rahisi kwake miaka miwili baadaye. Ceddo ya 1977, juu ya watu wanaokataa kulazimishwa dini, ilizuiwa Senegal, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia: kwa amri ya Rais Senghor juu ya uandishi wa Kiwolof neno hilo liandikwe kwa d moja, Sembène aliandika mbili. Anayedhani alikuwa mbishi kwa herufi moja akumbuke kwamba mwanzoni mwa muongo huo yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walianzisha Kaddu, jarida la Kiwolof. Namna ya kuandika lugha hiyo ilikuwa kazi yao kabla haijawa amri ya serikali. Aliziacha d zote mbili, na filamu ikakaa bila kuonyeshwa nchini kwake hadi Senghor alipokuwa ameshaondoka madarakani.

Baada ya hapo miaka 11 ilipita bila filamu mpya. Alikuwa akiandaa filamu kubwa ya Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa, na hakuipiga kamwe. Inauma kulitaja, na ni sehemu ya kweli ya kazi hii. Filamu ya kihistoria yenye majeshi na farasi haiwezi kusimama kwa mbinu za kamera bubu. Inadai fedha za nchi kadhaa kwa wakati mmoja, na nchi moja ikijitoa zote zinasubiri. Alirudi mwaka 1988 na Camp de Thiaroye, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow kwa ushirikiano wa Senegal, Algeria na Tunisia. Inahusu askari wa Kiafrika waliotoka vitani Ulaya, wakadai malipo yao, na jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi kambini Thiaroye tarehe 1 Desemba 1944. Mwaka huo Sembène mwenyewe alivaa sare ileile. Mlinzi wa kambi, Pays, ni askari aliyetoka Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, bila uwezo wa kusema. Anaushika waya wa seng'enge wa kambi ya Senegal kwa vidole, naye ndiye wa kwanza kuelewa. Safari hii mhusika bubu hakutokana na kamera.

Kuonyesha nako alikuchukulia kama nusu ya kazi. Alizipeleka filamu zake vijijini na kubaki kujadiliana na watu baada ya taa kuwashwa. Kwa wanaofanya maonyesho ya aina hiyo mambo ya kuangalia ni machache na hayasameheki. Filamu ya saa mbili kwenye milimita 16 ni rili tatu za mita 600, na kila kubadilisha rili ni dakika za watu kuanza kuondoka, kwa hiyo awepo mtu wa kuwazungumzisha. Jenereta likae mita 50 au zaidi, upande upepo unakoelekea, la sivyo mngurumo wake utameza sauti. Shuka livutwe kwa kamba pembe zote nne. Likilegea upepo unalipumua na nyuso zinavimba. Usianze giza likiwa bado la samawati. Na mjadala uendeshwe kwa lugha ya filamu, maana ukihamia lugha ya ofisi wanaoongea wanabaki walewale watatu.

Moolaadé ilitoka mwaka 2004 akiwa na miaka 81. Aliipiga Djerrisso, kijiji cha Burkina Faso chenye msikiti wa udongo uliochomoza kama kichuguu, na ikapata tuzo kuu ya Un Certain Regard, kitengo cha tamasha la filamu la Cannes. Wasichana wanne wanaokimbia kukeketwa wanajificha kwa Collé Ardo, aliyechezwa na Fatoumata Coulibaly wa Mali. Collé anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni. Hiyo kamba ndiyo moolaadé, hifadhi, na mpaka yeye mwenyewe atamke neno la kuifungua hakuna anayeruhusiwa kuivuka. Kamba iko chini kiasi cha kurukwa na mtoto mdogo. Wazee wa kijiji wenye fimbo wanasimama mbele yake. Gharama yake kwenye bajeti ni nyuzi chache, na kila mara kamera inapoionyesha, urefu wa fremu kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye uso wa mwanamke ndio unaotuambia nani ana nguvu saa hiyo.

Wanaume wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma mbele ya msikiti, na baadhi bado zinaongea ndani ya moshi. Picha mbili za mwisho zinafuatana bila maneno: yai la mbuni lililo juu ya kilele cha msikiti, halafu antena ya televisheni. Alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007.

Ukipata Borom Sarret, itazame mara mbili siku tofauti. Mara ya pili zima sauti, shika kalamu, na uandike wewe maneno ya moyoni ya yule mwenye mkokoteni, si zaidi ya maneno 25 kwa kila sekunde 20, kwa lugha ambayo yeye angemsemesha farasi wake.